Gari Zima Halina Udhuru

Gari bovu lina heshima zake. Mwenye gari bovu akialikwa harusi Kibaha anasema gari liko gereji, na kamati nzima inampa pole. Haamshwi usiku wa manane. Hatumwi stendi ya Magufuli kule Mbezi kumpokea mgeni mwenye gunia la mchele na jogoo. Akichelewa kikao cha ukoo, wazee wanamsogezea kiti kwa huruma. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ana gari la Kizungu lililoegeshwa ukutani kwa muda mrefu hata paka wamezalia juu ya injini na kulea. Simjui mtu mwenye amani kumzidi.

Mimi nina Toyota Mark II Grande, lile ambalo mafundi wanaliita kwa namba ya chesisi, GX110. Ukizungusha ufunguo, linawaka. Jua, mvua, Idi, Krismasi, linawaka. Hilo ndilo tatizo langu, na naomba nilieleze taratibu, maana kila nikilieleza haraka watu wanacheka, halafu wanauliza Jumamosi nina ratiba gani.

Ukoo wa gari lenyewe ni wa siku nyingi. Ulianza mwaka 1968 ukiitwa Corona Mark II, na hili langu ni la kizazi cha mwisho, kilichoingia sokoni Japani mwaka 2000 na kumaliza kazi 2004, Mark X ilipokuja kurithi kiti. Injini ni 1G, pistoni sita zilizojipanga mstari mmoja, cc 1,988. Namba hiyo waagizaji wanaipenda. Gari dogo linalovuka cc 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10. Lililo kati ya 1,000 na 2,000 hutozwa asilimia 5. Kwa hiyo, kwa upungufu wa cc 12 tu, gari lenye mwili wa waziri linahesabiwa kundi moja na gari la mwalimu. Ahueni yenyewe haifiki mbali. Lililozidi miaka minane linakutana na tozo ya uchakavu, na hapo ndipo watu wengi hukumbuka kwamba kuna mzee fulani anauza la mkononi.

Mzee wangu alikuwa wa Upanga, anarudi kwao Newala kulima korosho. Tangazo lake lilikuwa lile lile la magari yote ya mji huu: iko vizuri sana, haidaiwi, haijagongwa, ful kipupwe, ni kuwasha na kuondoka. Nimezaliwa Ilala, nimekulia Ilala, na nilikuwa sijawahi kukutana na tangazo la gari linalosema kweli. Lile lilisema kweli neno kwa neno. Ningejua, ningeomba punguzo.

Fundi wangu wa Gerezani hakuamini. Aliinama akasikiliza injini. Akaingia uvunguni, akatoka na mikono safi, jambo lililomuudhi waziwazi. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. Akampigia simu fundi mwenzake, naye akaja, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mwisho akanivuta pembeni, mbali na gari, akashusha sauti.

"Bosi, hii gari inaficha kitu."

"Kitu gani?"

"Sasa si ndiyo inaficha."

Akaniusia nisimruhusu mtu yeyote alegeze hata nati moja. "Hizi gari ukishazifungua, zinajua."

Kwa upande wa starehe, sina neno baya la kusema, na hapo ndipo ubaya ulipo. Viti ni vipana na laini. Mtu aliyeomba ashushwe hapo mbele, akifika hapo mbele anakumbuka ana shida nyingine Buguruni. Mashimo ya Mtaa wa Mchikichi yanamezwa na shokapu kabla hayajafika kiunoni. Kipupwe kinagandisha. Na kila ukiwasha, kuna dada wa Kijapani ndani ya dashibodi anayesema maneno marefu kwa adabu. Wanaoijua lugha wanasema anakukumbusha kwamba hujachomeka kadi ya kulipia barabara za haraka za kwao. Bibi yangu alipopanda mara ya kwanza akamsikia, akajiweka sawa kitini, akaitikia: "Marahaba, mwanangu." Kisha akaniuliza yule binti ameolewa. Tangu siku hiyo hataki kupanda bajaji; anasema bajaji hazina malezi.

Redio tu ndiyo ilikuwa na ubaguzi. FM ya magari ya Japani ya wakati ule inaishia 90, kwa hiyo Clouds ya 88.5 ilikuwa inasikika safi, na EFM ya 93.7 ilikuwa nchi ya nje. Abiria wangu, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kulipa nauli, waliona ni dharau. Walinisema mpaka nikafunga kile kidude cha kusogeza masafa. Sasa wanagombania stesheni.

Niseme ukweli kuhusu jiografia. Mtu anayeishi Kariakoo na kufanya kazi Posta hahitaji gari. Ni mwendo wa kunyoosha miguu tu: unatoka Sikukuu, unaukata Lumumba, unakatiza Mnazi Mmoja, umefika na shati bado limenyooka. Kwa gari ni safari. Unakaa pale Msimbazi kwenye kipupwe chako, unayatazama mabasi ya mwendokasi yakipita kwenye njia yao, abiria wamesimama wamebanana, na wao wanakutazama wewe uliyeketi kwenye kiti laini. Wao wanaondoka. Wewe unabaki na kiti chako.

Halafu gari likiwa kimya sana ndani, husikii ya nje. Asubuhi moja kwenye foleni ya Mtaa wa Kongo nilikuwa nimefunga vioo, najisikilizia magazeti ya redioni, nikaona watu wanatembea sambamba na gari langu wakiangalia nyuma. Nikatazama kwenye kioo. Machinga alikuwa amepanga soksi juu ya mfuniko wa buti, dazeni kwa dazeni, kwa mpangilio wa rangi. Foleni ikisogea hatua mbili, na duka linasogea hatua mbili, na wateja nao. Nikashusha kioo ili nipige kelele. Akaniwahi yeye.

"Bosi wangu, usisogee kwanza, mteja anatafuta chenji."

Na mimi, Mungu ananiona, nilisubiri chenji. Nilinunua na jozi mbili.

Msanifu majengo Beda Amuli alipolichora soko kuu la Kariakoo, lile lililofunguliwa 1975, aliyafikiria malori: aliyawekea njia ya kushuka mpaka shimoni, sehemu ya kuuzia jumla. Gari dogo la starehe hakulipangia kitu, na sidhani kama alikosea. Kariakoo ni mahali pa mzigo. Wanakuja kufunga mzigo hapa watu wa Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Moroni, na anakuja shangazi yangu kutoka Ifakara, mwenye duka la bidhaa mchanganyiko na imani kubwa kwa buti la GX110.

Shangazi hanunui, anavuna. Vitenge, ndoo za plastiki zilizopachikana, madaftari, betri za tochi, cherehani kichwa tu, cherehani miguu yake. Kila mzigo ukiingia, tako la gari linashuka na pua inapanda. Nikamwambia, "Shangazi, limejaa." Akalipiga gari kofi la upendo. "Mwanangu, hili gari lako halilalamiki. Yanayojaa tunayajua, yanalia." Akaongeza madumu. Tulipoondoka jioni ile taa za mbele zilikuwa zimeinuka kiasi cha kumulika ghorofa ya tatu, na mtaa mzima wa Aggrey mama mmoja mmoja alijitokeza dirishani kuvuta pazia. Mmoja akaniuliza natafuta nini kwake. Shangazi akamjibu kwa niaba yangu kwamba hatutafuti kitu, tunapita.

Sijazungumzia usiku. Usiku gari zima ni mali ya mtaa. Mlango ukigongwa saa nane, siulizi nani. Nauliza Amana au Muhimbili. Mke wa kijana wa chini, mwenye duka la simu, alishikwa na uchungu wa uzazi kweli kweli. Alikuwa anaunguruma mpaka walinzi wa Mtaa wa Swahili wakasimama. Tukamlaza kiti cha nyuma, nikawasha, dada wa Kijapani akasema yake, kipupwe kikaanza. Kufika Boma la Ilala, kimya. Nikaogopa. Nikatazama kwenye kioo: mama amelala usingizi mnono, mume amelala, mama mkwe amelala na mdomo wazi. Getini Amana muuguzi akafungua mlango, akawatazama wote watatu, akauliza mgonjwa ni yupi. Uchungu ulikuwa umekata. Wakaambiwa warudi nyumbani wakasubiri. Kulipokaribia kupambazuka uchungu ukarudi, na mkunga mmoja mzee akanipa ushauri ambao hauko kwenye kitabu chochote cha udereva: "Baba, safari hii pitia barabara mbovu." Nikapitia. Mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele ambazo gari langu halijawahi kutoa.

Harusi ni habari nyingine. Gari langu ni jeupe la rangi ya lulu, na katika mji huu rangi ya lulu ni hukumu. Kamati za harusi zinalijua. Wanakuja na riboni, maua ya plastiki na gundi ya karatasi inayotoka na rangi. Bibi harusi anakaa nyuma, shela inachukua nafasi ya watu wawili, matroni anakaa pembeni yake, mbele anakaa mjomba anayejua njia, na dereva anakuwa kijana wa upande wa bwana harusi, kwa sababu ya itifaki. Siku ya harusi ya binti wa baba mdogo, msafara ulipita Uhuru na tarumbeta mbele, watu wanapunga mikono, gari langu linang'aa. Mimi nililiona vizuri sana. Nilikuwa kwenye bajaji, ya nane kutoka mwisho, nimepakata sufuria la pilau.

Kitu pekee kilichowahi kuondoka kwenye gari hili kiliondoka kwa miguu ya mtu mwingine. Wenye magari wa Dar wote wanajua kazi ya kuchonga namba: unamwita kijana, anachonga namba ya gari kwenye vioo vya pembeni, kwenye taa, kwenye kila kinachochomoka, ili kibaka akivipata asiweze kuviuza. Nilichonga. Kibaka hakuwa amepewa taarifa. Nilisimama Lumumba kuulizia bei ya feni, niliporudi kioo cha kushoto kilikuwa kimebaki tundu na nyaya zake.

Nikaenda kutafuta spea. Muuzaji akanitolea kioo cha GX110 kilekile, rangi ileile ya lulu, bei ya kindugu. Kilikuwa na namba ya gari la mtu mwingine. Nikamwonyesha. Akakifuta kwa kidole gumba, akasema ile ni alama tu, gari lilianguka Chalinze na mwenyewe ndiye aliyeuza. Nikakifunga. Sasa trafiki wakinisimamisha, wanaanza na namba ya mbele, wanakuja kioo cha kulia, wanahamia kushoto, wanarudi mbele. Mmoja aliniuliza kwa upole wa kweli, "Mzee, hii gari inajiita nani?" Nikampa kadi ya gari, akaisoma mpaka nyuma.

Miezi ikapita, nikasimama taa za Faya. Pembeni yangu ikasimama GX110 ya fedha, kioo chake cha kushoto ni cha rangi ya lulu. Juu yake imechongwa namba yangu. Mwenyewe naye alikuwa anasoma kioo changu. Tukatazamana kama mashemeji waliokutana mahakamani. Taa zikaruhusu, akanipungia mkono, nikampungia, kila mtu akaenda zake.

Lakini yote hayo ningeyavumilia kama si mafuta. Wanaopanda gari langu wanajua ratiba ya Simba na Yanga kwa moyo, wanajua nani kaumia goti na nani anasajiliwa. Hakuna anayejua kwamba Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA inatangaza bei mpya za mafuta. Tena tangu mwaka 2017, leseni ya barabara ya kila mwaka ilipofutwa na mzigo wake kuhamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita, anayetembea zaidi ndiye anayelipa zaidi. Hesabu ni ya haki kabisa. Jirani yangu wa paka hadaiwi hata senti. Mimi nalipia barabara za Jamhuri kwa niaba ya watu wa Ifakara, wa Kibaha na wa kamati mbili za harusi. Wapandaji nao wanachangia: wanashusha kioo kidogo, wananiambia Mungu atakuongezea.

Ndipo nikaamua gari liugue.

Nikalihamishia Upanga usiku, kwenye ua wa rafiki yangu, nikalifunika turubai. Asubuhi nikatangaza: injini. Sikueleza zaidi, neno hilo linatosha. Siku za mwanzo zilikuwa za peponi. Nilitembea mpaka Posta mikono mfukoni. Nililala mpaka kunakucha. Nilienda harusi Tabata nikafika nimechelewa, nikapewa pole, nikapewa na kiti cha mbele.

Nilisahau kitu kimoja kuhusu ukoo wetu. Sisi tukipata mgonjwa tunachanga.

Shangazi akafungua kundi la WhatsApp, akaliita "Tuokoe Gari". Michango ikaanza kuingia kwa simu: elfu kumi, elfu tano, baba mdogo akatoa elfu hamsini na kuomba isitangazwe, ikatangazwa. Kijana wa chini, baba wa yule mtoto wa Amana, akachangia ingawa si ndugu. Bibi alituma elfu mbili na salamu kwa yule binti wa Kijapani, apone haraka. Nilijaribu kuandika kwamba si tatizo kubwa. Ujumbe wangu ukafunikwa na dua.

Kisha wakataka kuona. Wajumbe wakaenda na fundi wangu wa Gerezani, maana walimjua. Niliomba niongee naye kwanza, wakasema mwenye mgonjwa apumzike. Wakafunua turubai. Fundi akazungusha ufunguo. Likawaka. Wajumbe wakamtazama fundi, fundi akalitazama gari, akakunja mikono kifuani, akatamka kwa sauti ya mtu aliyesubiri miaka: "Niliwaambia hii gari inaficha kitu."

Basi pesa ilikuwa imeshachangwa, na pesa ya michango hairudi. Fundi akabadilisha mkanda wa taimingi, plagi zote sita, bushi, shokapu nne na tairi nne. Alipomaliza, gari lililokuwa zima likawa jipya. Halikuwa tena langu peke yangu. Kila aliyetoa elfu tano alianza kusema "letu", na anayesema "letu" haombi lifti, anataja saa.

Nikatafuta mteja kimyakimya. Akaja kijana mstaarabu, mfanyabiashara wa simu za jumla, akaliendesha mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, akasema atalipa taslimu. Kabla hajafika nyumbani kwake habari ilikuwa imefika Ifakara. Kikao cha dharura kikaitishwa sebuleni kwangu. Nilidhani nitakuwa msemaji mkuu; nikapangiwa kununua soda.

Maazimio yalisomwa saa nne usiku. Kwamba gari haliuzwi. Kwamba ratiba za Jumamosi zitapitia kwa shangazi. Kwamba mteja aombwe radhi, na kama bado ana shida ya usafiri asisite kusema. Na kwamba wajumbe wa Mbagala, wa Gongo la Mboto na wa Kimara warudishwe makwao, maana usiku umeingia.

Nikauliza nianze na wa wapi. Shangazi akasema nisijisumbue kupanga, wameshakaa.